Nilihesabu Ng'ombe wa Wenyewe

Naandika nikiwa nimesimama. Daftari nimeliweka juu ya kabati la vyombo, chai inapoa pembeni, na kila nikimaliza ukurasa natoka nje kuangalia kama kuna mtu langoni. Hakuna mtu. Nimestaafu miaka kadhaa sasa na bado mwili wangu unadhani kuna fomu zinazonisubiri. Mjukuu wangu ananiambia, "Shosh, si ukae tu chini, hizo miguu zitaisha." Nami namwambia ziishe, kwani nilizinunua?

Basi nyinyi vijana mliochukua viti vyetu kwenye kamati za basari, na nyinyi mnaojaza fomu kwa simu mkiwa mmejifunika blanketi, nipeni sikio. Sina hekima ya kugawa. Nina makosa, na mtu mzima akiwapa makosa yake amewapa kitu, kwa sababu ameyalipia.

Nilikuwa karani wa mfuko uliosomesha wanafunzi wa uhandisi peke yao. Mwalimu tulimkatalia, wakili tulimkatalia, hata padri mmoja aliyetaka kusomea muziki. Watu walipouliza kwa nini, tuliwasimulia habari ya mashine ya kumenya kahawa. Ilikufa katikati ya mavuno, huku kwetu Meru, kahawa ikarundikana uani hadi ikaanza kunuka kama pombe ya mazishi. Siku ya nne akaja fundi kutoka Nairobi. Akavua koti, akaingiza mkono ndani ya mashine, akatoa bolti iliyokatika, akatia nyingine, akanawa mikono, akauliza kama kuna chakula. Wakulima walisimama pale wakimwangalia akila kuku wao. Mwenyekiti wa kiwanda, Mzee M'Rinkanya, ndiye aliyesema, "Kwani hiyo bolti inamjua huyu kwa jina? Tusomeshe wetu."

Viwanda vya kahawa na vya majani chai, vya Meru na vya Embu, vikakubaliana. Mfuko ukazaliwa, M'Rinkanya akawa mwenyekiti wake, na ofisi ikapatikana Makutano juu ya duka la dawa za mifugo. Mimi niliajiriwa kwa sababu mbili: nilijua kupiga taipu, na sikuogopa pikipiki. Nilivaa suruali chini ya sketi, na nilipopita Kibirichia watoto waliacha viazi shambani wakakimbia barabarani kupiga kelele. Wazee wa kanisa walimwendea M'Rinkanya kulalamika. Aliwauliza nani kati yao yuko tayari kupanda kile chuma badala yangu, wakaenda zao.

Makosa yetu ya kwanza yalikuwa ya ujinga tu. Tulilipa karo, tukafikiri tumemaliza. Kumbe mwanafunzi wa uhandisi anataka ubao wa kuchorea, kalamu za aina yake, kikokotoo kisicho kile cha dukani kwa Wanjiru, na kitabu kizito kama jiwe la kusagia. Halafu kuna mazoezi ya kazi. Anatumwa kiwandani au kwenye barabara inayojengwa, miezi mitatu, halipwi hata ndururu, na anatakiwa aje na ovaroli yake na buti zake za chuma. Tulikuwa na mmoja aliyefanya mazoezi yote na gumboti za mamake za kuingilia zizini. Alitoka huko na vidole vinane vya miguu vinavyofanya kazi vizuri.

Na miaka. Sote kwenye kamati tulidhani digrii ni miaka minne kama vile wiki ni siku saba. Mwanafunzi wetu wa kwanza alipofika mwaka wa tano alituandikia barua akauliza, kwa adabu kabisa, kama sisi wote tumekufa. Kwa hiyo kijana wangu wa kamati, mwombaji akija usimwulize karo ni kiasi gani, hiyo imeandikwa kwenye barua ya chuo. Mwulize, "Utalala wapi wakati wa mazoezi? Utavaa nini miguuni?" Hapo ndipo wengi wao walianguka, na walianguka kimya kimya.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa ziara za nyumbani. Fomu zilikuwa na uongo mwingi. Kila baba alikuwa mgonjwa, kila mama mjane, na kuna wajane waliokuja ofisini wakiwa wameshikana mikono na marehemu. Kwa hiyo ilibidi mtu aende akaone, na mtu huyo alikuwa mimi. M'Rinkanya ndiye aliyenifundisha. Wiki za kwanza alinipeleka mwenyewe, yeye akiwa nyuma kwenye pikipiki na kofia yake mkononi.

"Mdomo hudanganya," aliniambia. "Karatasi hudanganya. Ng'ombe hawadanganyi."

Nilifuata masomo yake kama amri za Musa. Nenda bila kutoa habari. Usiende siku ya soko, wenyewe watakuwa wametoka na utamkuta bibi wa jirani. Kibirichia usiende baada ya kuvuna viazi, maana hapo kila mtu ni tajiri, nenda wakati mbegu ziko ardhini na mfuko umekauka. Omba maji ya kunywa, uangalie yanatoka wapi. Pita zizini, uhesabu mifugo kwa macho tu. Usinyooshe kidole wala kutikisa midomo, kwa sababu kumhesabia mtu ng'ombe mbele yake ni kama kuwaombea kifo. Na kubwa kuliko yote: usikae. "Ukikaa watakupa chai," alisema, "ukinywa chai yao utaandika uongo wao." Sikukaa. Miaka yote ile, boma zote zile, sikukalia kigoda cha mtu. Mnaona sasa haya mazoea nilikoyatoa.

Nilikuwa hodari, nisifiche. Nilipenda kunasa waongo. Nilikuwa na hadithi moja ya Kianjai niliyoipenda kuliko zote. Mzee mmoja, Baariu, alikuwa na mwana aliyepata nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo. Nikafika bila habari. Mzee akatoka nje na koti lililochanika mabega yote mawili, sauti ya chini, mikono imefumbatwa, umaskini mtupu. Nikaangalia chini. Miguuni, wanangu, viatu vyeusi vipya, vya ngozi, vya kamba, vimepigwa rangi hadi unajiona ndani! Alisahau kuvua. Sikuuliza hata swali moja. Nilirudi ofisini nikaandika kwenye faili: "Baba amevaa viatu vizuri kuliko vya mwenyekiti. Tusidanganywe. Uwezo upo."

M'Rinkanya alicheka hadi akashika meza. Kila karani mpya aliyekuja nilimfundisha kwa hadithi ile. "Angalia miguu," nilisema, na wote wakacheka.

Shikeni hiyo, nitairudia. Sasa niwaambie ya Marigu.

Marigu alitoka chini Mbeere, upande wa Kiritiri, kule ambako mvua huja kama mgeni mwenye haraka. Alikuwa amemaliza miaka miwili ya uhandisi wa ujenzi kwa mkopo wa serikali na kwa ndengu za mamake. Kisha mvua ikakosekana misimu miwili mfululizo. Mama akaanza kuugua kifua, kila kilichouzwa kikaenda hospitalini. Msichana akatuandikia. Alama zake zilikuwa nzuri kupita za wote tuliokuwa tunasomesha, na barua yake ilikuwa fupi. Haikulia. Ilisema tu kwamba asipolipa muhula ule atalazimika kuahirisha masomo, na kwamba anapenda madaraja.

Nikateremka na pikipiki hadi kwao. Joto la kule linakupiga kofi. Nilimkuta babake, Mzee Njiru, mtu mrefu mkavu, amesimama kando ya zizi na fimbo. Na ndani ya zizi, mwaka ule wa kiangazi, nikaona ng'ombe kumi na mmoja. Mmoja alikuwa mwekundu, pembe yake ya kushoto imepinda hadi karibu ifunike jicho. Nilimwangalia huyo sana, kwa sababu naye aliniangalia.

"Mzee," nikasema, "naona Mungu amewakumbuka."

"Ametukumbuka," akajibu.

"Hizi ng'ombe ni zenu?"

Aliangalia fimbo yake, akaangalia milima, akasema, "Ziko hapa. Zinakula nyasi ya hapa."

"Za nyumba hii?"

"Mama, mimi sina maneno mingi juu ya ng'ombe. Kunywa maji, kuna jua."

Nikanywa maji nikiwa nimesimama, nikaandika: Ng'ombe kumi na mmoja. Uwezo upo.

Siku ya kamati nilisoma taarifa yangu. Mzee mmoja kutoka Embu akasema ng'ombe kumi na mmoja wanaweza kumsomesha mtu hadi mwezini. M'Rinkanya, ambaye kwa kawaida alikuwa na neno kwa kila fomu, alikohoa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Tuendelee." Nilipiga muhuri mimi mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Marigu alikuja ofisini. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuomba kiti.

"Madam, hizo ng'ombe si zetu."

"Ni za nani?"

"Sijui. Za mtu wa huku juu. Aliziweka kwa baba nikiwa darasa la nne. Sisi tunakamua tu, na ndama akipatikana, baba hupewa mmoja baada ya miaka."

"Ni mtu gani?"

"Baba amekataa kusema. Nimelia, mama amelia. Amekataa."

Wanangu, mimi nimezaliwa huku. Nilijua vizuri kwamba watu wa milimani, ambako shamba limekuwa dogo kama leso, huwapelekea rafiki zao wa nyanda za chini ng'ombe wawachungie. Wengine hufanya hivyo kwa sababu ya nyasi, wengine ili ugonjwa ukija usimalize wote, na wengine ili ndugu zao wasijue wana nini. Babangu mwenyewe aliweka wawili Tharaka. Nilijua haya yote. Na hata hivyo, pale mezani, nikiwa na muhuri wangu, nilimwambia yule msichana, "Niletee barua ya chifu inayosema ng'ombe si zenu na inataja mwenyewe."

Ni chifu gani angeandika barua ya ng'ombe wa mtu asiyetajwa? Nilijua hayupo. Nilisema hivyo ili aondoke, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu sikupenda kukosolewa. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, wala siyo kwamba nilidanganyika na zizi.

Aliondoka. Akaahirisha masomo. Chuo kikampa barua kwamba asiporudi kabla ya mwaka wa pili kwisha nafasi yake itakuwa imepotea.

Mwaka ukapita na zaidi. Kisha kijana wa M'Rinkanya akaoa, na sisi wote wa ofisi tukaalikwa siku ya kupeleka mahari. Nilikuwa nimesimama, kama kawaida, na sahani ya njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, mkononi, lori likarudi nyuma hadi langoni mwa wazazi wa bibi arusi. Wakafungua mlango wa nyuma. Ng'ombe wakaanza kushuka mmoja mmoja, wanawake wakapiga vigelegele. Wa nne kushuka alikuwa mwekundu, pembe ya kushoto imepinda karibu ifunike jicho.

Nikaiweka sahani chini kwenye nyasi. Nyuma ya yule ng'ombe akashuka Mzee Njiru na fimbo yake.

Aliniona. Akanisalimia kwanza, jinsi wazee wanavyofanya, akaniuliza habari za kazi. Nikamvuta kando ya ua.

"Mzee, hizi ng'ombe ni za M'Rinkanya?"

"Leo zimetoka mbele ya watu. Leo naweza kusema ndiyo."

"Mbona hukuniambia siku ile? Mtoto wako ameacha chuo!"

"Mtu akikuwekea ng'ombe," alisema polepole, "amekuwekea na siri yake. Aliniambia ndugu zake wasijue. Kama ningekuambia wewe, mgeni, nimekuona mara moja na pikipiki, nani angenipa tena hata kuku nimchungie? Na hizo maziwa ndio zilikuwa dawa ya mama ya huyo mtoto."

"Na Marigu?"

Aliyaangalia yale mavazi ya sherehe kana kwamba yalikuwa mbali sana. "Marigu haongei na mimi," alisema. "Ni mwaka sasa. Anapita pale ndani ya nyumba kama mpangaji."

Nilikasirika siku ile. Nilimkasirikia M'Rinkanya, aliyenifundisha kwamba ng'ombe hawadanganyi huku wa kwake wakidanganya kwa niaba yake. Nilijikasirikia mimi zaidi. Nilimpenda yule mzee kama baba, na ndiyo maana sikungoja. Jumatatu nikaingia ofisini kwake, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mzee, ng'ombe zako zimemtoa msichana wa watu chuoni."

Hakukana. "Nilikuwa nangoja useme wewe," alisema. "Wewe ndiye ulienda."

"Ulikaa pale ukafuta miwani!"

"Ningesema nini, mbele ya binamu zangu wawili wa kamati? Kesho yake wangekuwa mlangoni kwangu, huyu anataka karo, huyu anataka kuoa. Mwaka mzima nimekuwa nikisema nitatafuta njia ya kumsaidia kando kando. Siku zimepita tu."

"Ama useme wewe kwenye kamati, ama niseme mimi."

"Utapoteza kazi, mwari."

Mwari ni binti, huku kwetu. Aliniita hivyo siku zote, lakini siku ile neno liliniuma. Nikamwambia kazi za kuendesha pikipiki hazijaisha duniani.

Kamati ilikaa Ijumaa. Alingoja hadi ajenda ya mwisho, mengineyo, nikadhani ameghairi, nami nikawa tayari nimesukuma kiti nyuma. Kumbe alisimama kabla yangu. Alivua kofia. "Andikeni," alisema. "Zile ng'ombe za Mbeere ni zangu. Yule mzee hana hata mmoja. Nilijua, nikanyamaza, na msichana akakosa. Tena andikeni kwamba kiti hiki nimekiacha." Binamu zake walimwangalia kama mtu aliyevua nguo. Nilipiga taipu muhtasari ule mara tatu, kwa sababu vidole vilikuwa vinakosea.

Msichana alipewa nafasi ya ufadhili, lakini sasa ilibidi apatikane. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla chuo hakijafunga mlango. Nikashuka Kiritiri. Nyumbani hayupo. Mamake akasema yuko barabarani, lami inajengwa. Nilifuata vumbi la matingatinga hadi nikamwona. Alikuwa amesimama katikati ya barabara na vibendera viwili, chekundu na cha kijani, akisimamisha magari. Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, mwenye alama kupita za wote, miguuni ndala za plastiki. Mfukoni alikuwa na daftari. Baadaye niliona alikuwa anachora ndani yake kila tabaka la kokoto lililomwagwa.

Alinyanyua chekundu, nikasimama kama lori.

"Madam wa barua ya chifu," alisema.

Nilistahili. Nikampa barua. Akaisoma huku ananyanyua vibendera bila kuangalia.

"Nani alisema?"

"Mwenye ng'ombe mwenyewe. Mbele ya kamati."

"Baba alijua ni mimi nitaumia."

"Alijua."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza. Nami nilijua barua ya chifu haiwezi kupatikana, na nikakuambia uilete. Mimi na babako, sijui ni nani mbaya zaidi. Nadhani ni mimi. Yeye alikuwa na ahadi. Mimi nilikuwa na uvivu tu."

Aliikunja barua polepole huku magari yakipiga honi. "Ni ya miaka yote?" akauliza.

"Yote mitatu. Na mazoezi. Na buti."

Akaangalia ndala zake. Akacheka kidogo sana, kama mtu aliyesahau namna. "Ngoja nimalize zamu," alisema. "Nikiondoka saa hii hizi malori zitagongana."

Nilingoja kando ya barabara saa nne nzima, nikizunguka pikipiki. Alirudi chuoni, akamaliza, na leo yuko kwenye kazi ya madaraja, mnaweza kuwa mmepita juu ya moja lake bila kujua. Alirudi kuongea na babake pia, ingawa ilichukua muda, na sidhani kama wamemaliza maneno yote. M'Rinkanya alipofariki, Njiru alisafiri kutoka kule chini na ndama mmoja, akamkabidhi mjane. Alisema ni wa mwisho wa wale, na sasa mdomo wake uko huru.

Mngependa niishie hapo, najua. Hata mimi ningependa. Lakini wiki ile ile Marigu aliporudi chuoni nilifungua kabati la faili za zamani, nikaanza kuona mwandiko wangu. Uwezo upo. Uwezo upo. Uwezo upo. Nilikuwa nimeandika haraka, kwa wino wa buluu, na kila nilipoandika nilikuwa nimesimama. Katika mazizi mangapi kati ya hayo ng'ombe walikuwa wa wenyewe? Sikujua. Na sikuwa nimeuliza, kwa sababu nilifundishwa kuangalia, na mtu aliyefundishwa kuangalia huona kuuliza ni udhaifu.

Nilinakili majina kwenye daftari la shule. Nilipostaafu, wengine walinunua kuku wa mayai, mimi nikaanza kwenda kwenye zile nyumba. Ndiyo maana situlii. Nimeenda Buuri, nimeenda Runyenjes, nimeenda hadi mpakani na Tharaka. Siendi na fomu wala ahadi, sina cha kutoa. Naenda kuuliza kile ambacho sikuuliza. Wengine wamenifungia lango. Mama mmoja alinipa uji na hakuniambia neno. Wawili walikuwa matajiri kweli kweli, na hao ndio wana hasira kuliko wote.

Mwezi uliopita nilifika Kianjai.

Lango lilikuwa la chuma, zuri, lenye maua ya kuchomelea. Mzee Baariu alitoka amezeeka sana, amejishikilia kwa mkongojo. Nikaangalia miguu, siwezi kuacha. Vilikuwa vile vile! Ngozi imepasuka, soli sasa ni ya tairi la gari, lakini ni vile vile viatu vya kamba.

"Nakukumbuka," alisema. "Wa pikipiki."

"Mzee, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Hivyo viatu, siku ile ulivitoa wapi?"

Alishangaa kwamba mtu anaweza kusafiri kwa sababu ya swali kama hilo. "Hivi? Hivi vilikuwa vya kijana. Niliuza miraa ya msimu mzima nikamnunulia, vya kwenda navyo chuo. Vilikuwa vigumu kama mbao. Mguu wake na wangu ni namba moja, kwa hivyo nikawa navaa mimi kila siku, nivilainishe. Sikutaka akachechemee huko Nairobi mbele ya watoto wa watu." Aliviangalia. "Halafu hakuenda. Vikabaki kwangu."

Nimeisimulia hadithi ile miaka ishirini. Nimewafundisha makarani kwa hadithi ile. Nimewachekesha watu kwenye harusi nayo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio wa mashine ya kuchomelea. Mzee akasema huyo ni Kirimi, mwanawe, ndiye fundi wa malango na vitanda vya chuma. Mashine ya kahawa ikikwama, akasema kwa fahari, kiwanda humwita yeye, hakuna haja ya mtu wa Nairobi.

Akaleta kigoda, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa, mama. Umetoka mbali."

Miguu yangu ilikataa kwanza. Kisha nikakaa. Chai ikaja, nikainywa yote, wakaongeza. Mlio ule ukanyamaza, na Kirimi akaja kutoka nyuma ya nyumba, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, miwani ya giza imepandishwa kichwani, mikono imejaa alama za cheche. Alisimama mbele yangu kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya wengine.

"Madam," alisema, bila ubaya wowote, "nimekuwa nikitaka kukuuliza. Ile siku uliandika nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno, nikiwa nimekaa.